Zilipendwa, au bado zinapendwa? NUTA Jazz katika masikio ya Karagwe na Kyerwa

Neno "zilipendwa" lina tatizo dogo la sarufi. Ile "-li-" ya katikati inasema mambo yalishapita: zilipendwa wakati ule, sasa basi. Lakini panda boda boda kutoka Omurushaka kwenda Kayanga, au kaa pembeni siku ya gulio pale Nkwenda, usikilize kinachotoka kwenye viredio vya memori kadi. Katikati ya bongo fleva, nyimbo za Rwanda na nyimbo za Uganda, utapita wimbo wenye magita membamba na tarumbeta, na kijana wa miaka 20 ataitikia kiitikio bila kukosea neno. Bendi iliyopiga wimbo wa aina ile ilianza mwaka 1964. Baba wa kijana huyo alikuwa hajazaliwa.

Swali letu leo ni hilo tu: kwa nini? Wazee wana jibu lao, kwamba muziki wa zamani ulikuwa muziki kweli na wa sasa ni kelele. Vijana wa chuo nao wana jibu lao, kwamba ni mazoea tu, ubongo unapenda ulichokulia nacho. Majibu yote mawili ni ya haraka mno. Tuchukue bendi moja, NUTA Jazz, tuisikilize kwa makini, halafu tuone sayansi ya usikivu inatusaidia wapi na inaishia wapi.

Bendi yenyewe, kwa kifupi

NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964 kuchukua nafasi ya vyama vya awali. Chama hicho kikaanzisha bendi yake Dar es Salaam, nayo ikaitwa NUTA Jazz. Usihangaike na neno "jazz": kwa bendi za Afrika Mashariki za enzi hizo lilimaanisha bendi ya dansi yenye magita na ala za kupuliza, si ile jazi ya New Orleans.

Kila chama kilipobadilisha jina, bendi nayo ilibadilika: NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. "Msondo" ulikuwa jina la mtindo wake, kama vile Western Jazz walivyokuwa na Saboso na Mlimani Park walivyokuja na Sikinde. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba na bendi hii tangu miaka yake ya mwanzo, aliondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, baadaye akarudi Msondo, na alifariki Aprili 2014. Kwa hiyo hatuongelei bendi iliyozikwa. Ni bendi ya miaka ya 60 ambayo haijawahi kufunga duka.

Kuna jambo moja la kiuchumi ambalo nataka ulishike kwa sababu tutalirudia. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara. Baadaye mfumo huu ulienea: polisi, jeshi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima, wote wakawa na bendi. Mpiga gita hakulazimika kuuza santuri ili ale. Alilazimika kufika mazoezini.

Jibu la kwanza: mazoea

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti uliokuwa maarufu sana: kitu ukikutana nacho mara nyingi, hata bila kukifikiria, unaanza kukipenda zaidi. Alitumia maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, na picha za sura za watu. Matokeo yalikuwa yaleyale. Kuzoea kunazaa kupenda.

Ukitafuta mahali pa kuona jambo hilo likifanya kazi kwenye muziki, Tanzania ya miaka ya 60 na 70 ni mfano mzuri kweli. Redio ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam tangu 1965, ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Nyimbo zilizotoka kwenye santuri zilitengenezwa Nairobi. Redio binafsi ziliruhusiwa miaka ya 90. Maana yake, kwa karibu miaka 30, mkulima wa kahawa wa Kaisho, mwalimu wa Nyaishozi na karani wa Dar walisikia nyimbo zilezile, saa zilezile, mara nyingi bila kuchagua. Kwa Karagwe, redio ndiyo ilikuwa ukumbi wa dansi.

Sawa, hilo linawaeleza wazee. Je, kijana wa Nkwenda?

Hapa kuna utafiti mmoja mtamu. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapigia wanafunzi 62 wenye umri wa miaka kama 20 nyimbo zilizovuma kati ya 1955 na 2009, wakawauliza wanazitambua kiasi gani, wanazipenda kiasi gani, na zinawakumbusha nini. Ungetegemea mstari unaoshuka: nyimbo za juzi juu kabisa, za zamani chini. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na kilima cha nyimbo za ujana wa wazazi wao, mwanzoni mwa miaka ya 80. Halafu kulikuwa na kilima kingine kidogo, cha miaka ya 60.

Watafiti walitoa maelezo mawili kwa kile kilima cha pili. Huenda wazazi wenyewe walilelewa na nyimbo hizo na babu na bibi, kwa hiyo muziki unarithishwa ndani ya nyumba kama vile shamba la migomba linavyorithishwa. Au huenda nyimbo za miaka ya 60 zilikuwa nzuri kweli. Utafiti wenyewe haukuweza kutenganisha maelezo hayo mawili. Ndiyo maana jibu la "ni mazoea tu" halitoshi: hata watu walioyapima mazoea wenyewe waliacha mlango wazi.

Jibu la pili: chujio na bahati

Kabla hatujaingia kwenye uzuri, tuwe wakali kidogo.

Unaposema "nyimbo za zamani zote zilikuwa nzuri", unahesabu zile zilizofika kwako. Zilizokuwa mbovu hazikufika. Hakuna mtu anayepoteza nafasi kwenye memori kadi kuweka wimbo mbaya wa 1967. Wimbo mbaya wa mwaka huu, hata hivyo, unaupata bure kila ukiwasha redio. Unalinganisha mchele uliopepetwa na mpunga wenye makapi, halafu unashangaa kwa nini mmoja una ladha zaidi.

Na hata kupepetwa kwenyewe hakukuwa kwa haki kabisa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 mtandaoni. Watu walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika "dunia" nane, kila moja ikionyesha idadi ya waliopakua kila wimbo ndani ya dunia hiyo tu. Nyimbo nzuri sana hazikushindwa vibaya mara nyingi, na mbovu sana hazikushinda. Lakini zile za katikati zilienda popote: wimbo uleule ulikuwa juu katika dunia moja na chini katika nyingine. Anayetangulia kupendwa kidogo anapendwa zaidi.

Sasa fikiria nchi yenye studio moja kuu na kituo kimoja cha redio. Uamuzi wa mtangazaji mmoja Dar es Salaam unaweza kuamua Karagwe yote itaimba nini kwa miaka 40. Bendi zilizokuwa mbali na studio, na wanamuziki wa wilayani ambao hawakupata kurekodiwa, hawakushindwa kwa ubaya. Hawakuingia kwenye mashindano. Kwa hiyo nikisema NUTA Jazz walikuwa wazuri, sisemi walikuwa wazuri kuliko wote. Nasema katika waliobaki, kuna kitu kinachostahili kusikilizwa. Kitu hicho ni kipi?

Muziki uliotoshea kwenye spika ndogo

Tuanze na fizikia, maana mara nyingi wakosoaji wa muziki huiruka.

Waya mnene kabisa wa gita la besi ukiwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ndogo, ile ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, haiwezi kusukuma hewa vizuri chini ya mara 200 hivi. Kwa hesabu za kawaida, besi hiyo usingeisikia kabisa. Lakini unaisikia. Kwa nini?

Waya hautetemeki kwa masafa 41 peke yake. Unatoa pia 82, 123, 164, 205, 246, na kuendelea. Spika ndogo inakula zile za chini na kuleta za juu. Ubongo unapokea 205, 246, 287, unaona zote zimepishana kwa 41, na unajaza wenyewe ile sauti ya msingi iliyokosekana. Kwa maana nyingine, nusu ya besi ya NUTA uliyoisikia kwenye redio ya babu ilipigwa na ubongo wako.

Hila hii inafanya kazi pale ala inapokuwa na sauti hizo za juu za kutosha. Gita la besi la waya linazo, na magita ya solo na ridhimu, tarumbeta na saksafoni zote zina nguvu yake kubwa palepale katikati, kati ya 200 na 4,000, ambapo spika ndogo ni hodari na ambapo sikio la binadamu lina usikivu mkali. Mawimbi ya masafa ya kati yaliyotumika kurusha matangazo yalibana sauti za juu zisizidi 5,000 hivi. Muziki huu haukupoteza kitu kikubwa hapo. Kinyume chake, besi nyingi za kompyuta za siku hizi ni sauti nzito laini isiyo na sauti nyingi za juu. Kwenye spika kubwa za ukumbi inakutikisa kifua. Kwenye simu ya mfukoni inapotea, isipokuwa mtayarishaji ameiongezea ukali makusudi.

Jaribu mwenyewe: chukua simu, pandisha sauti bila spika ya nje, piga wimbo mmoja wa NUTA na mmoja wa mwaka huu wenye besi nzito. Hesabu ni ala ngapi unaweza kuzifuata kwa kila wimbo. Usiulize upi mzuri, uliza upi umebaki mzima.

Na jiografia yetu nayo imo. Usiku, tabaka la chini la ionosfia linalomeza mawimbi ya masafa ya kati hufifia kwa kukosa jua, na mawimbi hurudishwa chini na tabaka la juu yake, mamia ya kilomita kutoka yalipotoka. Ndiyo maana wazee wengi ukiwauliza habari za redio watakuambia habari za usiku. Masafa ya FM hayana tabia hiyo. Yanakwenda moja kwa moja kama mwanga, na kilima kikisimama katikati, basi. Karagwe na Kyerwa ni vilima juu ya vilima. Ukiwa upande wa Murongo, mnara wa Uganda unaweza kuwa mbele ya macho yako wakati wa kwetu uko nyuma ya mlima. Kijana wa mpakani anasikia nchi tatu kwa siku moja. Katika ushindani huo, wimbo wa 1968 bado unapata nafasi. Si jambo dogo.

Magita mawili, wimbo wa tatu

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa nakuomba mikono yako.

Hesabu moja hadi 16 kwa mwendo sawa, polepole, urudie bila kusimama. Piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Endelea hadi ikae. Hayo ni mapigo ya klave yaliyotoka Cuba, yakafika Afrika kwa santuri za GV kuanzia miaka ya 30, yakaingia kwenye rumba kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam. Bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro iliitwa kabisa Cuban Marimba. Waliopiga dansi miaka ya 60 walikulia ndani ya mapigo hayo.

Ukiangalia nafasi kati ya makofi utaona 3, 3, 4, 2, 4. Mguu wako unataka kukanyaga 1, 5, 9, 13. Makofi na mguu vinakutana kwenye 1 na 13 tu. Katikati, kofi linakwepa pale mguu unapolitegemea, halafu linarudi nyumbani. Mwaka 2014 Maria Witek na wenzake waliwapa watu mapigo 50 ya ngoma yenye viwango tofauti vya kukwepa huko, wakawauliza ni yapi yanawafanya watake kucheza. Jibu lilikuwa umbo la kilima. Mapigo yasiyokwepa kabisa yalichosha. Yaliyokwepa mno yalichanganya. Ya katikati ndiyo yaliyosukuma mwili.

NUTA Jazz wanaishi kwenye kilele cha kilima hicho. Sikiliza jinsi nyimbo zao zinavyojengwa: sehemu ya kwanza ni ya taratibu, waimbaji wanasimulia, tarumbeta na saksafoni zinajibu. Kisha inakuja chemko, mwendo unabadilika, maneno yanapungua, magita yanachukua usukani. Ni katika chemko kwamba nadhani siri yao kubwa imelala.

Ili kuieleza lazima tuvuke mpaka kidogo hadi Buganda. Karibu na mwaka 1960, Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alikuwa Kampala akijifunza marimba ya amadinda kwa Evaristo Muyinda. Wachezaji wawili huketi wakitazamana. Mmoja anapiga mfululizo wake kwa mwendo sawa, wa pili anaingiza wake katika nafasi zilizoachwa. Kubik aliona jambo la ajabu: sauti alizozisikia akiwa msikilizaji hazikuwa zile alizozipiga wala alizozipiga mwenzake. Sikio lilikuwa linazikusanya noti za juu pamoja, za chini pamoja, na kuunda nyimbo mpya ambazo mkono wa mtu yeyote haukuzipiga. Alizichapisha hoja hizo mwaka 1962. Wanasaikolojia baadaye walithibitisha kwa njia zao: sikio hupanga sauti kwa ukaribu wa kimo na wa aina ya sauti, kisha huzifuata kama mikondo.

Rudi kwenye chemko ya NUTA ukiwa na wazo hilo. Gita la solo linacheza kipande kifupi kinachojirudia. Gita la pili halimsindikizi kwa kukwaruza tu. Lina kipande chake, kifupi pia, kinachoanguka kwenye mianya ya solo. Sauti za magita yote mawili zinafanana na vimo vyao vinakaribiana. Sikio linashindwa kuyatenga, linashona, na unapata wimbo wa tatu. Ukihamisha umakini kwenda kwenye besi, mshono unabadilika na unasikia wa nne. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu muziki huu hauchakai upesi. Ukiusikiliza mara ya mia moja, unaweza kusikia kitu ambacho mara ya tisini na tisa hukukisikia, ingawa rekodi ni ileile. Mazoea ya Zajonc yanaeleza kwa nini tunarudi. Mshono huu unaeleza kwa nini tukirudi hatuchoki.

Na mshono wa namna hiyo haupatikani kwa mkutano wa siku moja studio. Kumbuka ule mshahara. Watu walewale, mazoezi kila wiki, miaka kwa miaka. Mpiga gita wa pili alijua solo atapumua wapi. Tukiuliza kwa nini bendi chache leo zinasikika hivyo, jibu la kwanza lisiwe "vipaji vimekwisha". Liwe swali: nani leo anawalipa watu sita wafanye mazoezi pamoja miaka kumi?

Kwa upande wetu wa Kagera naongeza jambo moja. Huku tuna enanga, ile ala ya ubao uliochongwa kama mtumbwi, ambapo uzi mmoja unavutwa kwenda na kurudi hadi unakuwa nyuzi nyingi. Mpigaji huimba visa virefu vya mashujaa, kama kisa cha Mugasha, huku vidole vikirudia kipande kifupi chini ya maneno. Profesa M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti wa miaka mingi tenzi za enanga. Mtu aliyekulia na enanga alishazoea mambo mawili ambayo dansi ingemletea: kisa kinachosimuliwa juu ya kipande kinachojirudia, na raha ya kukaa ukasikiliza. Redio ilipofika na NUTA ndani yake, sikio la Karagwe halikuwa geni.

Lugha nayo ilisaidia kwa njia ambayo hatuizungumzii sana. Kinyambo, kama lugha nyingi za Kibantu, kinatumia vimo vya sauti kutofautisha maneno, na mtunzi wa wimbo lazima auheshimu mpando na mshuko huo. Kiswahili kilishapoteza vimo hivyo. Kina mkazo tu, karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kupandisha neno "mpenzi" juu ya mlima au kulishusha bondeni, na maana isibadilike. Waimbaji wa NUTA walitumia uhuru huo vizuri, hasa wanapoimba wawili watatu kwa sauti zilizopangana.

Pale wanapopwaya

Ukosoaji usiotaja kasoro ni matangazo, kwa hiyo tuzitaje.

Kwanza, bendi ya chama ilikuwa na kazi za chama. Kila bendi ya wakati huo iliimba siasa: uhuru, TANU, Azimio la Arusha baada ya 1967. Nyingine zilitoka moyoni, na zinasikika hivyo. Nyingine ni taarifa ya mkutano iliyowekewa gita. Tazama zipi ambazo vijana wa gulioni wanaziimba leo: za mapenzi, za usia, za ajali na misiba, za mtu aliyedhulumiwa na ndugu. Taarifa za mkutano zimebaki kwenye makabati. Hapo chujio la muda, nadhani, lilitenda haki.

Pili, wanawake. Katika dansi ya enzi hizo mwanamke anaimbwa sana na anaimba kidogo. Anasifiwa, anaombwa, anashutumiwa kwa tamaa ya pesa, lakini upande wake wa kisa hausikiki. Ukizisikiliza nyimbo kumi mfululizo unaanza kuhisi umekaa kwenye kesi ambayo shahidi mmoja tu ameitwa. Muziki unabaki mtamu, na kasoro inabaki kasoro. Msichana wa Isingiro anayezipenda nyimbo hizi ana haki ya kuyasema yote mawili.

Tatu, urefu. Zipo nyimbo ambazo chemko yake inazunguka baada ya kuwa imeshasema yote. Ukumbini, watu wakicheza, hilo ni baraka. Ukiwa umekaa na redio, ni dakika mbili za ziada.

Kilicho hatarini

Kama thamani ya muziki huu ingekuwa kumbukumbu za wazee peke yake, ungekwisha pamoja nao na tusingekuwa na la kufanya. Lakini tumeona kwamba kuna kitu ndani ya rekodi zenyewe: namna magita yanavyoshonwa, namna mapigo yanavyokwepa, namna sauti inavyotoshea kwenye spika duni. Hivyo ni vitu vya kujifunza, kama vile mtu anavyojifunza kujenga au kushona. Na vitu vya kujifunza vinahitaji nakala.

Nakala za mwanzo ziko kwenye utepe wa sumaku katika maktaba ya redio ya taifa. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Aina nyingi za gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kwa miaka mingi hulegea na kunata, hadi utepe ukichezwa unaacha unga kwenye mashine. Dar es Salaam ni jiji la unyevu. Jitihada za kuhamishia tepe hizo kwenye dijitali zimekuwepo, na albamu za mikusanyiko zimetoka nje, kama ile ya dansi ya miaka ya 60 katika mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Ni jambo jema. Lakini inasikitisha kidogo kwamba mwanafunzi wa Karagwe anayetaka kusikia sauti safi ya NUTA Jazz anaweza kuipata Paris kirahisi kuliko Kayanga. Kinachofika sokoni kwetu ni nakala ya nakala ya kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni, bila jina la mtunzi, bila mwaka, mara nyingine imeandikwa "zilipendwa mix" na kwisha.

Tunaweza kuanza na kidogo. Mzee au bibi aliyesikiliza redio miaka ile bado yupo nyumbani kwenu au kwa jirani. Mpigie wimbo kutoka kwenye simu, mwulize ni nani anaimba, ulitoka lini, aliusikia wapi, walikuwa wanafanya nini. Rekodi majibu yake, kwa Kinyambo au Kiswahili, kwa ruhusa yake. Redio za jamii, kama FADECO pale Karagwe, ni mahali pazuri pa maelezo kama hayo kusikika. Shule zenye gita hata moja zinaweza kumpa mwanafunzi kazi ya kukitafuta kipande cha gita la pili, lile lisilosikika upesi, na kumwonyesha mwenzake.

Kisha siku ukiwa Dar es Salaam, nenda ukawasikilize Msondo Ngoma wakiwa jukwaani, ulipe kiingilio. Simama karibu na mpiga gita wa pili, umtazame vidole, wakati sikio lako likisikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga.